Pikipiki ya Cato Manor Isiyopungukiwa Kitu

Sikutoka Morogoro kwenda kutalii. Nauza vipuri vya bodaboda pale Msamvu, na jirani yangu, naye muuza vipuri, alikuwa ameweka sanamu ya simba mlangoni kwake. Vijana wakawa wanapiga picha na simba halafu wananunua tairi hukohuko. Nikaanza kutafuta kitu cha kumzidi. Ndipo Dodo akanitumia picha kwenye simu: pikipiki ya kale, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, imeegemezwa kwenye ukuta wa matofali.

Dodo ni Mkongomani niliyefahamiana naye enzi alipoishi Kigoma. Sasa ana kibanda cha kutengeneza simu Durban, mtaa wa Greyville. Chini ya picha aliandika: "Kaka, iko mzee moja huku, anauzisha. Ufanye haraka, mwisho wa mwezi anahama."

Niliikuza ile picha mara mbili. Breki sikuziona, taa sikuiona. Nikajiambia ni pembe aliyopigia tu, lakini kwa tahadhari nikatia begini breki shuu, waya wa breki, taa, honi na kioo kimoja cha pembeni, vyote kutoka dukani kwangu. Nilipanga kuikamilisha, kuipaka rangi nyekundu na kuisimamisha mlangoni.

Jumatatu asubuhi nilipandia basi Msamvu. Tunduma tulivuka kuingia Zambia, Chirundu tukaingia Zimbabwe, Beitbridge tukaingia Afrika Kusini: mipaka mitatu, mihuri sita. Nilifungua pasi kuihesabu tena, ikawa sita. Kila mpaka ofisa alitoa ile honi begini, akaitazama, akanitazama mimi, akairudisha. Johannesburg nilibadilisha basi, tukashuka milima kuelekea pwani, na Ijumaa mchana nikawa Durban, miguu imevimba kiasi kwamba viatu nilivivaa kama kandambili.

Nyumba ya Dodo iko ghorofa ya pili, inatazamana na uwanja wa mbio za farasi. Asubuhi ya Jumamosi niliwaona farasi wakitembezwa, wamefunikwa mablanketi safi kuliko nililolalia mimi. Nikamuuliza Dodo huyo mzee ni mtu wa namna gani, ili nijue pa kuanzia bei. Akasema anamfahamu kupitia binti yake, Mama Thandeka, muuguzi mstaafu anayeleta simu kibandani kwake. Mzee ana miaka themanini na kitu, magoti yamekwisha, na binti amekodi chumba karibu na hospitali, ghorofa ya tatu. Pikipiki haiwezi kupanda huko. Halafu akaongeza jambo ambalo angepaswa kuniambia kabla sijapanda basi: kuna mtu mwingine wa Pinetown, mkusanyaji wa pikipiki za kale, ametaja bei kubwa kuliko niliyokuja nayo na atarudi Jumapili.

"Sasa umeniita wa nini?" nikamuuliza.

"Ule wa Pinetown, mzee hamupendi," Dodo akasema. "Mimi sijue sababu. Twende tu."

Cato Manor imekaa juu ya vilima, upande wa magharibi wa mji. Mama Thandeka alitufungulia geti. Nyumba ilikuwa imeshafungashwa nusu, maboksi yamepangwa hadi dirishani, na katikati ya sebule, mahali ambapo mtu angeweka televisheni, ilisimama ile pikipiki juu ya gazeti. Mzee alikuwa amekaa pembeni yake. Jina lake Bhekizizwe, lakini Dodo alimwita Mkhulu, maana yake babu, nami nikafuata hivyohivyo. Alizungumza Kizulu na Kiingereza. Dodo akawa mkalimani, nami hapa namwandika kwa Kiswahili changu, kwa sababu cha Dodo kina Kifaransa ndani yake.

Nilizunguka pikipiki mara mbili, kama ninavyofanya siku zote ninaponunua. Kisha nikaanza kutaja kasoro kwa sauti, kidole kimoja kimoja, ili bei ishuke kabla haijatajwa. Breki ya mbele haipo. Breki ya nyuma haipo. Gia ni moja tu. Taa hamna, honi hamna, kioo hamna. Mahali pa kukanyagia mguu wa kushoto hapapo. Nikarudia kuhesabu, zikawa saba. Juu ya tangi kulikuwa na kiatu cha chuma, kama kandambili iliyofuliwa na mhunzi, kina mikanda ya ngozi. Nikakiinua nikauliza cha pili kiko wapi. Basi zikawa nane.

Nikafungua begi, nikapanga breki shuu zangu sakafuni, na waya, na taa. Nikamwambia Dodo amweleze mzee kwamba gharama ya kurudishia vilivyopotea ni juu yangu, kwa hiyo nayo iondolewe kwenye bei.

Dodo alitafsiri. Mama Thandeka akaacha kufunga boksi. Mzee alizitazama zile breki, akasema maneno machache.

"Anasema hakuna kitu kilipotea," Dodo akasema. "Anasema ivi ndivyo ilizaliwa."

Nilidhani ni mbinu ya kuuza. Mzee akainuka, akashika usukani, akaanza kueleza kwa mikono. Hii ni pikipiki ya mbio za uwanjani, njia ya mviringo ya vumbi la makaa, watu wanne, mizunguko minne, kona zote za kushoto. Hakuna breki kwa sababu wa nyuma yako angekupanda mgongoni. Hakuna gia kwa sababu hakuna muda wa kubadilisha. Kwenye kona unailaza, tairi la nyuma linateleza nje, na mguu wa kushoto unaburuzwa chini kama mhimili. Ndiyo maana kiatu cha chuma ni kimoja. Mguu wa kulia hauna kazi huko.

Nikamuuliza inasimamishwaje.

"Unafunga mafuta, unasubiri," akasema.

Nimeuza breki miaka kumi na minane. Nilikaa juu ya boksi la vyombo bila kuombwa.

Mama Thandeka akaleta chai, na mzee akaendelea. Mbio hizo zilipovuma huku alikuwa fundi kijana wa Mzungu mmoja, bingwa wa uwanja, na watu weusi hawakuruhusiwa kushindana. Siku moja bingwa aliamka mkono umevimba baada ya ugomvi wa baa, na tangazo lenye jina lake limeshabandikwa mji mzima. Akamvuta fundi wake kwenye banda la vifaa, akamvisha koti lake la ngozi, glavu, kofia ngumu, miwani, na kitambaa usoni ambacho kila mshindani alivaa kwa ajili ya vumbi. Hapakuonekana hata nukta moja ya ngozi. Bhekizizwe akaingia uwanjani, akashinda, akarudi bandani, wakabadilishana koti. Bingwa akatoka kupokea kikombe.

"Na wewe?" nikauliza.

"Mimi nilishika tambara. Nilikuwa napangusa pikipiki."

Mkono wa bingwa ulipona, ila alishaona kwamba fundi ana kasi kuliko yeye. Wakaendelea hivyo. Nikauliza mara ngapi. Mzee akanipa kile kiatu, akaniambia nipitishe kidole ndani. Kulikuwa na mikwaruzo iliyochongwa kwa msumari, mmoja kwa kila mbio. Nilihesabu kumi na tisa, nikahesabu tena, kumi na tisa. Mara mbili alianguka akiwa ameshavuka mstari wa mwisho, akavunjika mfupa wa bega, na mara zote mbili bingwa ndiye aliyetembea mjini akiwa amefunga mkono shingoni ili hadithi ikae sawa. Dodo alisahau kutafsiri hapo, ikabidi nimguse.

Kidole changu kikafika kwenye mkwaruzo wa ishirini, uliokaa upande, peke yake. Nikauliza huu je.

Mzee alikichukua kiatu, akakiweka gotini. Akasema mbio hiyo aliongoza hadi mzunguko wa nne. Kona ya mwisho mtu alimgonga tairi. Aliruka juu ya usukani, na alipoamka kofia imetoka, miwani imetoka, kitambaa kiko shingoni. Uwanja mzima ukasimama kumtazama. Alisikia injini yake tu, imelala, bado inaunguruma.

"Nilifikiri wataniua," akasema. "Nikatazama banda. Bosi alikuwa amesimama mlangoni kwa shati lake, kila mtu anamuona yuko kule, na mimi niko huku na koti lake. Basi nikainua pikipiki, nikaisukuma hadi getini. Wakanipisha. Nikaisukuma mpaka nyumbani, Cato Manor hii hii, kabla serikali ya Wazungu haijatuhamisha."

"Hakuja kuidai?"

"Angeidaije? Angeulizwa nani alikuwa anaiendesha."

Mama Thandeka akasema walipohamishwa kwa malori baba yake aliisukuma tena, na miaka mingi baadaye waliporuhusiwa kurudi akaisukuma kwa mara ya tatu. Hajawahi kuiendesha barabarani.

Kisha binti akanionyesha karatasi aliyoacha mtu wa Pinetown, maandishi ya kibao kitakachokaa mbele ya pikipiki kwenye ukumbi wake. Iliandikwa jina la bingwa, na kwamba aliipanda yeye. Walimweleza ukweli. Akacheka kwa adabu, akasema hakuna ushahidi, akaongeza bei.

Mzee alinitazama. "Wewe na breki zako. Utaandika nini?"

Nilichukua kifuniko cha boksi na kalamu ya wino mzito. Nikamwomba Mama Thandeka anitajie jina lote, herufi kwa herufi, na la ukoo. Niliandika jina, nikaandika chini yake: mbio ishirini. Mzee akasoma. Akasema kumi na tisa ndizo alizoshinda.

"Mkhulu," nikamwambia, "mimi nahesabu mara mbili. Ya ishirini ndiyo uliyoimaliza ukiwa wewe."

Dodo alitafsiri polepole. Mzee akageuza uso ukutani, na binti yake akamshika bega. Baadaye mzee akataja bei, chini ya ile ya Pinetown, juu ya ile niliyokuja nayo. Sikuomba punguzo. Mke wangu akisoma hapa, ajue ndipo zilipoishia zile fedha za kununulia kabati. Sharti lake lilikuwa moja: nisifunge breki.

Jumapili alfajiri, kabla mtu wa Pinetown hajarudi, tuliifungua vipande, tukaipakia kwa msafirishaji anayeleta mizigo Dar es Salaam. Breki shuu zangu nilimwachia Dodo, auze kama atapata mteja. Kiatu nilikibeba mwenyewe.

Jumatatu nilianza kurudi, mipaka ileile, mihuri mingine sita. Beitbridge ofisa alikitoa kiatu begini, akapekua hadi chini, akauliza cha pili kiko wapi. Nikamjibu kwamba hakuna kilichopotea. Akanitazama kama mimi nilivyomtazama mzee.

Pikipiki sasa iko mlangoni kwangu Msamvu, bila rangi mpya, na kibao chake ni kilekile kifuniko cha boksi, nimekiwekea kioo. Bodaboda wanakuja, wanaizunguka, wanaanza: bosi, breki haipo. Taa haipo. Hii gia moja? Umepigwa, bosi. Wananihurumia, na hata jirani yangu mwenye simba amevuka barabara kuja kunicheka.

Nawaacha wamalize vidole. Kisha nawaomba wasome jina, kwa sauti, lote, na la ukoo, halafu nampa mmoja wao kile kiatu apitishe kidole ndani, ahesabu.