Mwadhini wa Kichochoroni

Wagdi aliwaona kwa mara ya kwanza siku walipohamia ng'ambo ya duka lake la pasi, pale Tanta, Misri: mama, binti yake Inshirah, na Lutfi, aliyebeba godoro kichwani huku akiwasalimu hata paka.

"Huyu mwanangu mwadhini," mama alimwambia Wagdi kabla hajaulizwa. Inshirah akatazama chini.

Mengine yalijulikana polepole. Lutfi alikuwa akisikia sauti. Hospitali ilimpa vidonge. Sauti zikanyamaza, lakini akawa analala kama gogo na alfajiri ikimpita. Msikiti mdogo wa mtaa ulikuwa umemkabidhi ufunguo na kipaza sauti. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Ila kwa ajili yake watu walimwita Shehe, sio mwendawazimu.

Akaacha vidonge. Alfajiri ikarudi.

"Kurani imemponya," mama alisema. "Dawa za nini tena?"

Inshirah alimfuata Wagdi dukani. "Kaka Wagdi, wewe anakusikiliza. Mwambie avimeze."

"Mimi? Mimi mpiga pasi tu, dada."

"Mwambie hivyo hivyo, na upigaji pasi wako."

Jioni Lutfi alipita. Wagdi alitaka kusema. Badala yake alimuuliza habari za joto.

Siku ya kumi na tisa ya Ramadhani, adhana ya magharibi ikasikika. Kichochoro kizima kikala tende, kikanywa maji. Wagdi naye akanywa glasi nzima, ndipo akaona jua bado limelala juu ya meza yake ya pasi. Misikiti mingine ilikuwa kimya. Ilibaki kimya dakika kumi na tano.

"Shehe!" muuza maharage alipiga kelele. "Jua lako limezama wapi, Amerika?"

Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka kwamba funga yao imeharibika, na ni lazima wailipe baada ya Ramadhani. Kicheko kikaisha.

Lutfi alitoka msikitini akisema ameamriwa. Imamu hakumgombeza, alinyoosha mkono tu. Lutfi akauweka ufunguo juu ya kiganja chake.

"Mmemtia jicho la husuda mwanangu!" mama alilia dirishani. Lakini tangu jioni ile ni yeye mwenyewe aliyemmezesha vidonge, akimshika kidevu mpaka ameze.

Wagdi aliilipa siku yake baada ya Idi, peke yake. Hakuona njaa, wala kiu, wala kitu kingine. Alipiga pasi mashati hadi jua likazama kweli.

Wiki iliyofuata Inshirah alimchukua kaka yake kwenda kukaa naye Suez, kwa mumewe aliyefanya kazi huko. Wakati teksi ikipakiwa, Lutfi alikaa kwenye kiti cha wateja, amenenepa, mikono juu ya magoti.

"Umeamkaje, Shehe?" Wagdi alimuuliza.

"Saa nne, Fundi," alisema. "Hakuna aliyeniamsha."