Mmea wa Mpaka Hushikwa na Wawili

Kaka yangu Walubengo alikuwa mkaidi, na sitamsafisha kwa sababu amekufa. Mwaka wa themanini na tisa aliacha kazi Kitale, alikokuwa akitunza bustani ya Mama Hasina, mjane mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, akarudi kwetu Kabuchai na magunia matatu. Mkewe Edah alidhani ni mahindi. Kumbe ni mishubiri ya kwenye miamba ya Endebess, vichipukizi vya mkonge, na mapande ya mpungate, ule wa miiba, yaliyofungwa kwa magazeti.

"Sasa hii tutakula na nini?" Edah akamwuliza.

"Hii ni ya macho, mama."

Ati ya macho. Watu wa Kabuchai hulima miwa hadi mlangoni, na yeye akang'oa mahindi mbele ya nyumba, akaleta mawe ya mtoni kwa wilbaro, akayapanga huku akirudi nyuma kutazama, kama fundi wa nguo anayepima suti. Mkonge aliuweka peke yake katikati usisongwe. Mishubiri aliibananisha na mawe. Nilimcheka sana. Lakini kiangazi kilipokuja na kila kitu kikakauka, mishubiri ikatoa maua mekundu, nami nikajikuta nimesimama pale na mtungi kichwani, nimesahau ninakokwenda. Ilikuwa nzuri, wacha niseme ukweli.

Balaa ilianzia pembeni. Kati ya shamba lake na la Kundu, kaka yetu mkubwa, kulikuwa na mstari wa mimea ya mpaka, ile ya shina jembamba na majani marefu, iliyopandwa baba alipowagawia ardhi. Kwetu mmea huo hupandwa na wawili: huyu anashika upande huu, jirani anashika upande ule, wazee wakiangalia. Hauguswi na mtu mmoja peke yake, hata ukianguka. Walubengo alilijua hilo vizuri. Lakini miaka ya Kitale ilikuwa imemharibia jicho, na mstari ule ulionyooka ulimkera. Siku Kundu alipokwenda matangani Bungoma, akaing'oa mimea yote, akaipanda upya ikipinda kufuata mawe yake. Tena aliirudisha ndani ya shamba lake mwenyewe. Hakuiba hata kiganja cha udongo; Kundu ndiye aliyeongezewa.

Kundu aliporudi aliufuata mstari mpya kwa miguu hadi mwisho.

"Umenipa shamba?" akauliza. "Nilikuomba?"

"Kaka, ni ya kupendeza tu. Si nimeingia kwangu?"

"Ulishika na nani?"

Walubengo akarudi kwenye mawe yake. Tangu siku hiyo Kundu hakumsalimia, na kile kipande hakukilima, kikaota magugu. Na kwetu, ndugu wakikosana hivyo, mmoja akafa kabla hawajapatana, anayebaki hatupi udongo kaburini. Nilikwenda kwa huyu, nikaenda kwa yule, nikawatukana kwa zamu. Vichwa vigumu, wote wawili.

Mwaka wa tisini na tatu tumbo la Walubengo likaanza kuvimba. Daktari akasema ni ini, akamruhusu arudi nyumbani, na sote tulijua maana yake. Hapo ndipo ukaidi ulipomtoka.

"Dada, mwambie Kundu narudisha mstari wa baba," akaniambia. "Aje tushike. Nataka anizike."

Nililia njia nzima, sioni haya kusema.

Kundu alikuwa akipura maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Nitakuja kesho."

"Kesho ni ya nani? Njoo sasa, si nyumba iko hapo?"

"Nimesema kesho. Yeye amenifanya ningoje miaka yote hii."

Walubengo hakungoja. Alitoka ameshikwa na Edah, akaketi chini kwenye udongo, akaing'oa mimea ya mpaka mmoja mmoja, akichimba kidogo, akipumzika kidogo. Mashimo aliyachimba kwenye mstari wa zamani. Kila mmea aliulaza kando ya shimo lake, akakataa kabisa tumsaidie kupanda. Kazi hiyo alimwachia Kundu. Kisha akaingia ndani akalala, na kabla ya jua kuchomoza alikuwa ameshatutoka.

Kundu alikuja asubuhi, kama alivyosema. Alisikia kilio akiwa njiani. Hakuingia nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye mashimo, akainua mmea wa kwanza, akausimamisha kwa mkono mmoja, upande wake.

"Shemeji," akamwita Edah. "Njoo unishikie."

Edah hakusimama.

"Aliyekuita mshike naye yuko ndani, shemeji. Mwite yeye."

Nilitaka kumkemea, maana si vizuri kumjibu shemeji hivyo mbele ya wazee waliokuja kwenye kilio, lakini nikaacha. Wazee nao walitazama chini. Kundu alingoja, mmea mkononi. Halafu akapiga magoti, akashindilia udongo kwa mikono yake miwili, akaenda shimo la pili, na la tatu, peke yake, mpaka mstari ukaisha.

Tulipomzika Walubengo pale shambani kwake, kila mtu alitupa udongo, hata watoto wadogo. Kundu alisimama ng'ambo ya mimea, upande wake, mikono ameifunga nyuma.