Siku Nilitosha Kilio Yangu mu Kaburi ya Mawe

Mimi Polycarpe nilikufaka samedi moja, jumamosi ya mwezi wa saba, mu kaburi ya mawe, juu ya kilima. Na ni mimi mwenyewe nilitosha kilio yangu, ni kusema nilimaliza matanga.

Musicheke kwanza. Ikaleni, nibaelezee.

Muke wangu anaitwa Émérance. Tuko Saint-Gilles hapa Bruxelles tangu batoto bangali badogo, ku étage, ngazi zake zinauaka magoti. Sasa kichwa yake imeanza kusahau. Si ile kusahau ya funguo iko wapi. Kusahau funguo, hata mimi ninasahauka.

Anasahau mimi.

Kila magaribi anasimama ku dirisha, anaangalia barabara. "Polycarpe bado hajatoka kazi?"

Na Polycarpe niko pale nyuma yake na kikombe ya chai. Kazi ya kusafisha mabiro kule Schuman niliachaka zamani, sasa ninakula pension.

"Atakuja, mama."

"Aksanti, muzee."

Muzee. Ule anangojea ni kijana ya nywele nyeusi. Sasa mimi nifanye nini? Ule kijana hata mimi ninamutafutaka ku kioo, simuone.

Bon. Binti yetu Rolande anafanyaka kazi ya kutunza bazee. Siku moja akanikalisha chini, akaniambia: "Papa, nafasi imepatikana kwa maman, kwenye nyumba ya bazee. Lundi, wiki ikianza, tunamupeleka."

"Muke wangu haendi kulala kwa bantu."

"Juzi aliacha gaz wazi, papa. Kama ungekuwa umelala, je?"

Ningeweza kuwa nimelala, ni kweli.

Lakini docteur alishasema vitu vya zamani vinaweza kuamusha kichwa. Na mimi nilionaka ku téléphone picha ya kaburi moja, ya bantu ba zamani sana, mbele hata chuma haijajulikana. Iko juu ya kilima, upande ya Ufaransa. Mawe yake ya ndani imechongwa mistari, zigzag na viduara, sawasawa na vitunga mama yake Émérance alikuwaka anashona kule kwetu Walungu.

Nikamwambia Rolande: tumupeleke aone. Akienda na kurudi muzuri, anabaki na mimi. Akileta shida, lundi mumubebe, sitasema kitu.

Rolande akavuta pumzi. "Sawa, papa. Mara moja tu."

Shida ikabaki moja. Émérance hatokake nyumba. Soko ya Marché ya Midi, hapana. Misa, hapana. Donc nikatumia akili ya kizee. Muke ya kwetu anaweza kukataa harusi. Matanga hawezi.

"Émérance, vaa. Kuko matanga."

Mara hiyo amekwisha funga kitenge ya nyeusi.

Mu motokari akauliza: "Nani amekufa?"

Nikaogopa kutaja jina. Unaweza taja muntu na ule muntu afe kweli. Nikamwambia: "Utajua kule."

Akaniangalia. Akanyamaza mupaka tukafika.

Nilifurahi, nikasema mu moyo, ona vile ametulia. Rolande alikuwa anaendesha, akanipiga jicho mu kioo, na yeye anacheka kidogo.

Kilima ilikuwa na upepo na kondoo. Kule juu, kaburi ni rundo kubwa ya mawe na majani imeota juu, na kamulango kadogo, muntu anaingia ameinama. Madame mwenye kuongoza bageni akasema muache masac na mifuko inje, muingie bachache bachache, muikale chini ndani, na musipige kelele.

Mimi magoti ikakataa. Nikabaki inje na masac. Rolande akamushika mama yake mukono, bakaingia na bazungu wengine.

Sasa fikiri. Bantu bananyamaza. Banaikala chini. Kuko kaburi. Mimi niliona touristes banatembelea. Émérance aliona kilio.

Nikasikia sauti mu tumbo ya ile kilima.

"Eee, Polycarpe wangu. Eee, baba ya batoto."

Bazungu bakatoka mbio, moja moja, mavumbi ku magoti. Madame akatoka wa mwisho na tochi yake, uso umegeuka karatasi. Akaniuliza na Français, pole pole: huyu Polycarpe bibi analia, ni nani?

"Ni mimi, madame."

Akaniangalia kutoka viatu mupaka kofia. Hakuuliza tena.

Hapo njo ile neno yangu ya mu motokari ikanirudilia. Kwetu, muke hawamuambiake ku njia kama bwana yake amekufa. Banamudanganya tu, "twende, kuko matanga", na jina hawalitaji mupaka afike. Banakupeleka kilio na banakuficha jina? Ujue maiti ni yako.

Na mimi mujinga nilimwambia, utajua kule.

Nikaingia na mikono na magoti, sawa mutoto. Ndani kulikuwa baridi, tochi ya madame, toka ku kamulango, inatupa mwangaza kando kando, na ile mistari yote ilikuwa imesimama ku mawe. Émérance ameikala chini, miguu amenyoosha, kitambaa ya kichwa ameitosha, iko ku magoti yake. Rolande anamuvuta mukono.

"Maman, twende. Tutakula frites."

"Frites? Papa yako amelala hapa na weye unasimama? Ikala chini, Rolande."

Ona. Mutoto anamujua.

"Émérance," nikasema, "angalia. Polycarpe ni mimi. Niko muzima."

Akanishika shavu na mukono yake. Aliniangalia sana. Nikasema, sasa, Mungu wangu, sasa.

"Pole, muzee," akasema. "Kilio inageuzaka bantu vichwa."

Nilionyesha pete. Nilimwambia jina ya mama yangu. Rolande naye akaanza kulia, akaikala chini, sasa banalia babili, na bote banalia mimi. Inje madame anasema bageni bengine banangojea. Mimi katikati pale, mwenye kufa.

Alafu nikakumbuka. Mwenye kufiwa haamukake peke yake. Ukimuvuta unamufunga zaidi. Anangojea muntu wa familia ya bwana aje amunawishe mikono, amuinue, aseme imeisha. Bila ile, Émérance angelala pale.

Nikamuomba Rolande alete chupa ya maji mu masac inje.

"Émérance, mimi ni mudogo ya Polycarpe. Familia imenituma."

Akapanguza macho. "Mudogo yake? Mbona umezeeka hivi?"

"Ni baridi ya Bulaya."

"Munafanana kidogo. Lakini yeye alikuwa na sura."

"Najua. Sasa tuambie ya marehemu, alafu tukunawishe."

Akawaza. Akagusa jiwe moja yenye zigzag, kidole inafuata mustari.

"Alikuwa anakoroma," akasema. "Alikuwa bishi. Ile siku tulishuka train ku Gare du Midi mara ya kwanza, baridi ilinikamata miguu. Akatosha soksi zake akanivalisha, mbele ya bantu. Yeye akatembea na viatu mutupu. Alisema hasikie baridi. Alikuwa anadanganya."

Bandugu, ile soksi nilikuwa nimeisahau.

Nikamunawisha mikono. Maji ikaingia mu udongo. Nikasema vile bakubwa banasemaka: kilio imeisha, amuka, hatuna neno na weye. Nikamushika mikono tukaamuka pamoja, magoti yangu na yake ikalia kwa zamu.

Tukatoka inje. Madame akatupisha. Alikuwa ameinamisha kichwa, sijui nani alimufundisha.

Mu kurudi Émérance alilala muzuri, kichwa ku bega yangu. Rolande akasema chini chini: "Papa, nitapigia bale bantu. Maman anabaki kwako."

Nikashukuru Mungu. Nilikuwa nimeshinda.

Tukafika nyumba, jua ingali inawaka. Nikaweka maji ya chai. Émérance akabaki kusimama ku mulango, mufuko yake ku mukono.

"Shemeji, aksanti kwa yote. Lakini mimi siwezi kulala nyumba moja na mwanaume. Bwana yangu tumetoka kumuzika leo. Bantu batasema nini?"

Rolande akaniangalia. Mimi nikaangalia chai.

Kubishana nilikwisha bishana. Muke mwenye heshima anaheshimu bwana yake, na bwana yake ni mimi. Ningemulaumu na kinywa gani?

Ile magaribi alienda kwa Rolande. Lundi bakamupeleka kwenye nyumba ya bazee. Ku dirisha hasimamake tena. Batunzaji ba kule banasema analala vizuri.

Kila dimanche, kisha misa, ninachukua tram, ninamupelekea ndizi ya kukaanga. Anakula yote, ananisifia Polycarpe. Vile alikuwa anacheza, vile aliimba mu bain akioga. Ninasikiliza tu. Nilianza kumuonea wivu ule bwana.

Dimanche imepita, akaniangalia na jicho moja.

"Shemeji, unakuja sana. Unataka kunirithi?"

Moyo ikapiga sawa kijana. "Ukikubali."

Akapanguza mafuta ku vidole, pole pole.

"Ngoja mwaka iishe. Polycarpe alikuwa muntu. Siwezi kumukimbia hivi."

Basi ninangoja.

Batoto yangu, somo yangu ni hii. Ukimupeleka muntu matanga, mutajie jina ya marehemu. Na kama mupenzi wako amesema umekufa, usimupigie kelele na pete. Ikala chini naye, umuulize ule bwana alikuwa namna gani. Pengine utasikia habari ya soksi.