Mkono Wenye Pete

Wiki mbili baada ya kumzika Mama, mtoto wa dada yangu alifungua kitabu chake cha sayansi mezani, nikaona picha ya mifupa ya mkono wenye pete. Nikakumbuka tena alasiri moja ya utoto wangu hospitalini Eldoret.

Mama alikuwa ameumia mkono kwenye mashine ya kupukuchua mahindi. Vidole vilikuwa vimevimba hata pete ikakataa kutoka. Korido ilinuka dawa ya kusafishia sakafu, na nguo za Mama zilinuka vumbi la mahindi. Mzee wa eksirei alitoka na picha nyeusi, akaiinua dirishani. Nikaona mifupa mitupu na ile pete. Nikapiga kelele. Nilivyojua mimi, mifupa ilikuwa ya watu waliokwisha kufa.

"Wewe, tulia," mzee alisema. "Mwanasayansi aliyegundua miale hii alipiga picha mkono wa mke wake, na pete yake hivyo hivyo. Akakataa kuifanya miale mali yake, ndiyo maana hata sisi wa huku tunapigwa picha hizi."

"Na huyo mke wake alikufa?" nikauliza.

Mama akacheka, machozi ya maumivu bado usoni. "Alirudi nyumbani akapika ugali. Mbona unanizika mapema?"

"Alizeeka kabisa," mzee akasema.

Mama naye alizeeka. Siku hizi najua ile ilikuwa picha ya mtu aliye hai. Lakini tulipomshusha kaburini, hofu ya korido ilinirudia nzima, ila safari hii Mama hakuwepo kunicheka.