Ala ya Bastola ya Babu

Kaka yangu alishuka kutoka Newala na ala ya bastola ya babu, kaiviringisha kwenye kanga. Mimi ni fundi viatu na mikoba hapa Masasi, kwa hiyo kila ngozi ya ukoo iliyochoka huishia mezani kwangu. Bastola yenyewe, ambayo babu alirudi nayo kutoka vita vya Mjerumani, tuliambiwa tangu utotoni kwamba alizikwa nayo.

"Iokoe, mdogo wangu," alisema. "Tuitundike ukutani."

Nilifurahi. Tangu baba afariki, kaka hakuwa na la kuzungumza ila mikorosho. Binamu yetu, mtoto wa shangazi, alikuwa amelishika shamba, kwa kuwa mila yetu ya zamani humrithisha mpwa, si mwana. Kaka alisema mikorosho kaipanda baba, na binamu ataondoka pale akitembea au akibebwa. Mimi nikajiambia hasira hasara, zitamwisha.

Ngozi ya zamani haitaki pupa. Niliipangusa vumbi kwa brashi laini, bila maji, nikaiweka kivulini, kisha nikaipaka nta na mafuta ya nyonyo, kidogo kidogo. Nje ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mkulima. Lakini nilipoingiza kidole ndani, kulikuwa laini, na kidole kilitoka kinanuka mafuta ya cherehani, ya kulainishia chuma, tena ya juzijuzi. Nilikinusa mara ya pili. Niliogopa.

Kaka aliporudi kuichukua, nilikuwa nimeijaza vitambaa ili isipoteze umbo. Alivichomoa vyote, akaviacha mezani. Kisha akakivuta kwa nguvu kitanzi cha mkanda, kile alichosisitiza nikishone kwa uzi maradufu. Kitu cha kutundikwa ukutani kinataka kitanzi imara cha nini?

"Kaka, bastola iko wapi?"

"Umesahau? Babu kazikwa nayo."

Alijibu bila kuniangalia, akaenda kupanda gari la Newala.

Nilimpigia binamu papo hapo. Akapokea mkewe.

"Simu kaiacha nyumbani, shemeji. Yuko shambani. Kaka yako kamwambia amsubiri pale kwenye mpaka, peke yake, leo wapatane." Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu. "Nimeshachinja na kuku."