Mlinzi Alipoalikwa Ngomeni

Ijumaa iliyopita, nikitoka kanisani Mesaimeer, hapa Qatar, niliketi kwenye basi nyuma ya akina dada watatu Wakenya. Walikuwa wakipanga kwenda kuiona ngome ya kale iliyoko jangwani, nje kabisa ya Doha. Mmoja wao, yaya, aliinua simu yenye picha ya ngome hiyo.

"Ona hiyo minara! Ni kama kasri la malkia wa hadithi."

Walishagawana nani apike chapati na nani avae gauni gani. Kisha wakamgeukia mlinzi mmoja waliyemfahamu, aliyeketi kando yao.

"Kaka, twende. Si wewe unafanya kazi huko?"

Akacheka mpaka akafuta macho. "Nalinda hapo siku sita. Hata hiyo moja ya kupumzika nirudi tena?"

"Unalinda wapi hasa?" yaya akauliza.

"Geti la magari."

"Na huko ndani kukoje?"

Akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi. "Sijawahi kuingia," akasema polepole. "Na huu ni mwaka wa pili."

Yaya akaandika jina lake kwenye orodha ya safari simuni bila kumuuliza tena, akampa kazi ya kubeba chapati.

Nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo, mpaka nikakumbuka hoteli ninayofanyia kazi. Mlango wake wa mbele sijaupita hata siku moja.

Kabla ya kushuka, mlinzi aliwainamia. "Lakini tukifika getini, msiseme mimi ni wa hapo. Semeni ni mgeni wenu."