Kobe wa Vichwa Viwili

Nyuma ya nyumba ya Malale, pale Kawajense, hausikiki tena mkwaruzo wa magamba kwenye mabati. Boma limeota majani, na hakuna kinachoyala.

Humo Malale alikuwa akizalisha kobe na kuwauzia wafanyabiashara waliowapeleka Ulaya kufugwa majumbani. Nduguze walichunga ng'ombe. Yeye walimwita mchunga mawe. Kisha, mwaka 1996, yai moja lilipasuka akatoka kobe mwenye vichwa viwili. Malale alichuchumaa mbele yake mpaka miguu ikafa ganzi. Huyu akikua, aliwaza, nani atanicheka tena?

Mama yake, Nyanzala, alimtazama yule kobe akapiga kigelegele.

"Mapacha hawa! Huyu Kulwa, huyu Doto. Ukimpa mmoja, mpe na mwenzake. Ukimbagua, atanuna, na nyumba nzima itaumwa."

"Mayu, tumbo ni moja!" Malale alimwambia mama yake.

"Na midomo mingapi?"

Habari zikasambaa. Kwa Wasukuma, mapacha hawaendewi mikono mitupu, na mtaa mzima ukajifanya Wasukuma. Jirani yao Pudensiana alifika na mchicha.

"Baba Kabula," alisema, akimwita Malale kwa jina la mwanawe, "wachumba wangu wameshakula?"

"Wameshiba, shemeji. Tafadhali."

"Aa! Huyu wa kushoto ananiangalia kwa njaa."

Wengine walileta ndizi mbivu, wengine ugali wa moto. Kulwa akitafuna, Doto alisuguliwa jani puani mpaka afumbue mdomo. Doto akimeza, watu walimgeukia Kulwa, haki isije ikapotea. Malale akamtia kobe kwenye boksi, akalificha uvunguni. Nyanzala akalitoa.

"Unawafungia wajukuu zangu? Wageni wamesimama uani na zawadi zao!"

Angemfukuzaje mgeni wa mama yake? Alisimama pembeni, akihesabiwa kuwa baba mchoyo.

Asubuhi moja kobe alikuwa amevimba, miguu haiingii tena gambani. Jua lilipofika utosini vichwa vyote viwili vilikuwa vimelala ubavu.

Nyanzala alilia kwa sauti. "Nani? Nani kambagua Doto?"

Malale alimkalisha mama yake kivulini. Alichukua gunia, akatia kobe wote waliobaki, akaenda peke yake kuwaachia porini.

Siku hizi Malale anaishi Mwese na mama yake. Analima maharage.